Nusu Kidonge na Kengele ya Mama

Igoma, Mwanza
Jumapili alasiri

Kwa dada yangu Nyangeta,

Shikamoo dada. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, halafu unasema mkali ni mimi. Shemeji hajambo? Kifua chake kimetulia na upepo huu wa ziwa? Na mama, lile jicho la kulia bado linaona mwanga wa dirishani, au nalo limeanza kuzima kama mwenzake? Sisi huku tupo. Wifi yako Kabula bado anaingia zamu ya usiku kule kwenye kiwanda cha samaki, na karakana yangu ya mizani inakwenda. Ila nina neno, na leo utalisikia lote.

Nimeambiwa mlikaa kikao baada ya ibada, mkaamua mama asije kwangu kufanyiwa upasuaji wa jicho, kwa kuwa kaka Mafuru amewaeleza kwamba natumia dawa za vichaa. Dada, mimi nilikuja mjini na bisibisi mbili. Leo wachuuzi wa dagaa na hata wanunuzi wa dhahabu wananiletea mizani zao nizinyooshe. Hakuna aliyenishika mkono. Na hakuna hata mmoja wenu aliyepiga simu kuuliza, "Bwire, hicho kidonge ni cha nini?" Basi acha nijibu swali ambalo hamkuniuliza.

Kisukari changu mnakijua, huu ni mwaka wa sita. Msichokijua ni miguu. Tangu mwaka jana nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, na zinangoja hadi nijilaze ndipo zianze. Niliandika kwenye daftari siku kumi na nne mfululizo: kwa wastani napata saa mbili na robo za usingizi kwa usiku. Mchana nikawa nasinzia na jiwe la kupimia mkononi. Siku moja nikapitisha mizani mbovu nikasema ni nzima. Mteja akanirudishia mbele za watu. Hapo nikaogopa, nikaenda kliniki.

Daktari ni binti mdogo kuliko mwanao wa kwanza. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akanipima moyo kwa zile nyaya za kifuani, kisha akaandika amitriptilini, nusu kidonge kila jioni. Kwenye dirisha la dawa nikafungua boksi, nikasoma ile karatasi ya ndani, nikarudi kwake hapo hapo.

"Daktari, hapa wameandika ni dawa ya ugonjwa wa huzuni. Mimi sina huzuni, nina miguu."

Akacheka. "Baba, mwenye huzuni ningempa nyingi kuliko hii. Kwa kiasi hiki kidogo inatuliza mishipa ya fahamu na inaleta usingizi. Kazi hiyo haipo kwenye karatasi, lakini madaktari tunaijua, na tunaangalia mgonjwa mmoja mmoja."

"Kwa hiyo inafanya kazi ambayo haikuajiriwa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nakutaka hapa kila mwezi. Na usimgawie mtu hata chembe."

Niliondoka nikiwaza zile mizani kubwa za pamba za zamani. Leo zinapimia dagaa na hazijui tofauti. Lakini swali likanikaa kichwani: nusu ni nusu kweli? Nikakata kidonge kwa wembe, nikaweka vipande kwenye mizani ya dhahabu ya mteja mmoja. Kidonge kizima, gramu sifuri nukta moja mbili. Kipande kimoja sifuri nukta sifuri saba, cha pili sifuri nukta sifuri tano. Kidonge kizima kina miligramu ishirini na tano za dawa, yaani jioni moja nameza kumi na nne na nusu, kesho yake kumi na kidogo! Nikampelekea mfamasia hesabu.

"Fundi," akasema, "mwili wako haujui kusoma mizani ya dhahabu. Lala."

Nilimbishia. Nikapima vipande wiki tatu, nikalinganisha na saa za usingizi. Alikuwa sahihi, hakuna tofauti. Kipande kikubwa au kidogo, napata saa sita za usingizi. Miguu inawaka bado, ila kwa mbali. Mdomo unakauka na asubuhi kichwa kinachelewa kuamka, na hayo pia nimeyaandika. Sasa hakuna mteja anayenirudishia mizani.

Kaka Mafuru alikuja kuacha mizani yake ya samaki, akaona boksi mezani, akasoma karatasi kwa kidole, akaja kwenu. Angeuliza, ningempa swali bora kuliko lake. Si kama Bwire ni kichaa. Ni hili: mama akitoka kupasuliwa, jicho limefungwa, Kabula yuko kazini, akiita usiku, huyu aliyemeza kidonge atasikia?

Swali hilo nimejiuliza mwenyewe, na nimelipima. Kabula alipokuwa na usiku wa mapumziko nilimwomba alale chumba atakacholala mama, aniite kwa sauti ya mama, ile ya kuburuza. Nilipomeza saa tatu usiku, niliamka kwenye mwito wa saba. Dada, saba ni nyingi. Nikarudi kwa daktari na namba hiyo. Akasema nisiache dawa kienyeji, nimeze saa moja jioni. Tukapima tena: mwito wa tatu. Nikachukua kengele ya baiskeli, nikaifunga kwa skrubu ubavuni mwa kitanda cha mama. Mara nne tumejaribu, mara nne nimeamka mlio wa kwanza. Kabula anasema hata jirani anaamka.

Mama mwenyewe amenipigia kwa simu ya yule mwalimu jirani yenu. "Bwire, wanasema una kichaa. Hicho kichaa kinalala?" Nikamwambia kinalala saa sita kila usiku. "Basi niwekee na mimi." Nimemkatalia, kwa umri wake na presha ile si dawa ya kuonjeshana. Amenuna.

Nafasi yake ya upasuaji ni Jumanne, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata. Madaktari wa macho watakaompasua ni wageni wanaopita tu hapa mjini; wakishaondoka, hakuna anayejua watarudi lini, na jicho hilo halina mwenzake. Mlete Jumamosi hii. Lala hapa siku mbili, upige kengele saa yoyote unayotaka, uhesabu mwenyewe. Mlio wa pili ukikuta sijasimama mlangoni, rudi naye. Sitabisha.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na mwalimu mwenye simu. Kaka Mafuru mwambie mizani yake iko tayari, aifuate. Ilikuwa inazidisha gramu mia mbili kwenye kila kilo tano. Nimeirekebisha inapima sawasawa, na hakuna mtu niliyemwambia kuwa ina kichaa.

Ni mimi mdogo wako,
Bwire, fundi mizani