Kwa Baba Ambaye Hakuokoka

Mpendwa Baba,

Kila Jumapili, sisi tukielekea kanisani na Biblia kwapani, wewe ulibeba sepetu ukashuka mtoni. Mto wetu hapa Zombe ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji lazima yafukuliwe. Ulianza na visima vya wajane, chetu kikaja mwisho. Tukitoka ibadani tulikuta maji yametulia, na miiba umeizungushia ili mbuzi wasichafue. Mama hakuacha kukutania: "Baba Mwende, Mungu atakupeleka wapi, na hata amina hujui?"

"Anipeleke penye kazi," ukamjibu.

Ulikuwa mkaidi, Baba. Mchungaji alikuja mara nyingi, akanywa chai yetu, akarudi alivyokuja. Ulimwambia ukisema umeokoka na moyo haujasema, utakuwa umemdanganya huyo Mungu wake.

Sasa nikuambie yaliyotokea ulipotutoka. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakakaa, wakakohoa. Kanisa haliwezi kumfanyia ibada mtu ambaye hakuokoka, walisema. Mmoja wao, mtu mwema kabisa, alituonea huruma.

"Mama Mwende, si ulikuwa na yeye hospitali mpaka mwisho? Sema tu alikubali Yesu, hata kama ni kutingisha kichwa. Hiyo maneno itaisha. Nani atauliza?"

Unajua Mama alivyotaka uimbiwe. Kwake, kuzikwa bila wimbo ni kutupwa. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Ningekuwa mimi, ningesema.

"Hakutingisha kichwa," Mama akasema. "Aliniuliza kama nimekula. Huyu mzee hajawahi nidanganya, na nyinyi mnataka nimdanganyie kwa Mungu? Hapana. Tutamzika wenyewe."

Baba, niliwaonea fahari nyinyi wawili. Wanafunzi wangu hubishana darasani kama ni dini inayomfanya mtu awe mwema, au ni utu wake tu. Wananigeukia niamue. Mimi nimelelewa na pande zote mbili chini ya bati moja, na bado siwezi. Mama aliukataa uongo kwa kuwa anamcha Mungu. Wewe ungeukataa kwa kuwa ni uongo, basi.

Siku ya mazishi hatukuwa na mchungaji. Mjomba alisema machache, tukashika makoleo. Ndipo wanawake wa kwaya walipoingia na leso zao za nyumbani, sare wameziacha, maana kwaya haikuruhusiwa kuja. Mama mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo, na sauti yake haikutetemeka.

Waumini wenzangu bado huniuliza, kwa huruma, kama nina hakika utaiona mbingu. Nawaambia sina. Lakini nasimama kaburini kwako na uso juu, kwa maana kila neno lililosemwa pale kukuhusu lilikuwa kweli.

Pumzika, mzee wetu.

Ni mimi binti yako, ninayetembea kifua mbele,
Mwende