Riyadh hadi Jeddah kwa Gari la Bosi

Mpendwa Dada Nekesa,

Natumaini hujambo, na miguu ya Mama haimsumbui tena. Mimi ni mzima. Mdogo wetu Wafula anaendelea vizuri. Sasa nikueleze yaliyotokea, maana kwenye simu sikuweza kusema.

Asubuhi ile nilikuwa mtaa wa Olaya, Riyadh, namsubiri bosi garini, mtu anayelala chumba kimoja na Wafula akanipigia kutoka Jeddah. Wafula anatapika, tumbo limekuwa gumu, na wenzake wanaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, imeisha muda. Kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, hajajisumbua kuifanya upya. Huyo naye ni mtu bure, ila leo namsema wangu.

Bosi alikuwa anakwenda Jeddah siku hiyohiyo, harusini. Nikamwomba, "Baba, ndugu yangu ni mgonjwa sana huko. Niruhusu nipande ndege."

Akacheka. "Ndege ya nini? Jeddah ni hapo tu, haifiki saa mbili. Wewe leta gari. Jioni nikishuka nikukute uwanjani."

Hapo tu. Dada, mtu amezaliwa nchi hii na hajui ukubwa wake. Yeye hupanda, huletewa juisi, husinzia, akifumbua macho amefika. Kwa barabara ni karibu kilomita elfu moja za mchanga na malori, kutwa nzima. Atajulia wapi, na kiuno kinachouma ni changu?

Nikaondoka wakati huohuo. Naingia Jeddah jua linazama, simu ikalia.

"Uko wapi? Nimeshashuka."

"Niko njiani, baba."

"Yalla, fanya haraka, hapa kuna joto."

Nikamwacha na joto lake, nikaenda Kandara, mtaa anaokaa Wafula. Nilimkuta Wafula amejikunja sakafuni, hata jina langu hawezi kulitaja. Nikambeba, nikamlaza kiti cha nyuma, pale bosi anapokaa, na akatapika palepale. Hospitalini walipoona gari kubwa namna ile langoni walikimbilia kumpokea, hakuna aliyeuliza ikama. Ilikuwa kidole tumbo, karibu kipasuke. Wakampasua usiku huo.

Bosi alichukua teksi. Nasikia alibeba begi lake mwenyewe, maskini.

Kesho yake akaniita. "Umeniacha uwanjani kama mzigo."

"Ndugu yangu alikuwa anakufa, baba."

Hakuuliza kama amepona. Aliuliza ni nani atasafisha kiti. Nikakisafisha. Kisha akaniambia nirudishe gari Riyadh mara moja, na nikifika nitafute kazi kwingine.

Nikamwambia gari litarudi Wafula akiweza kutembea. Kama ana haraka, funguo hizi hapa, aliendeshe mwenyewe, si ni hapo tu?

Akautazama usukani, akanitazama mimi. Akaenda kupanda ndege.

Msalimie Mama, shemeji yangu mumeo, na mjomba anayetuombea kanisani. Waambie Wafula jana alikunywa supu, akalalamika kwamba haina chumvi.

Ni mimi ndugu yako,
Simiyu