Mjomba, Sitaomba Msamaha

Kamina, Sobongo,
karibu na gare ya treni,
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Mjomba Kalenga,

Ninakusalimu kwa heshima yote, wewe na nyumba yako yote. Mguu wako unaendeleaje? Je, upepo wa ziwa umekusaidia, au baridi ya asubuhi bado inakusumbua? Na Mama Noémie, presha yake imeshuka? Mwambie dawa azimeze hata siku anazojisikia vizuri, maana ninamjua.

Sisi hapa tu wazima. Mwila aliugua malaria wiki mbili zilizopita, lakini amepona na ameanza tena kugombana na kaka yake. Hénoch yuko mwaka wa mwisho wa shule na amerefuka hadi suruali za marehemu baba yake zinamtosha. Mvua imeanza vizuri. Mahindi nyuma ya nyumba yamechomoza.

Jumatano ulinipigia simu. Ulisema, nami nikaitika “ndiyo Mjomba” mara nne. Ninakuomba usizihesabu zile ndiyo. Mtu hawezi kubishana na mjomba wake kwenye simu, tena inayokatakata, huku wateja wanangojea sahani. Kwenye karatasi nitasema neno langu hadi mwisho, nawe ukikasirika utaweza kuiweka chini, kisha uisome tena. Béni, jirani yangu anayefanya kazi ya reli, anasafiri na treni ya Kalemie keshokutwa, kama itaondoka. Atakupa barua hii mkononi.

Uliniambia niende kumwomba rafiki yako Papa Nday msamaha. Siendi, Mjomba. Nimeandika hivyo mapema ili usisome kurasa zote ukiwa unatumaini.

Usidhani nimesahau. Mulumba, mume wangu, alipofariki, Papa Nday alileta magunia mawili ya unga kwenye matanga, na gari lake dogo ndilo lililobeba jeneza. Wewe ulimpigia simu, naye akanipa kazi katika mgahawa wake kabla hata sijavua nguo za msiba. Nimebeba sahani zake miaka tisa. Watoto wangu wanamwita babu. Kwa hayo yote ninamshukuru hadi leo, na nikikutana naye barabarani ninamwamkia wa kwanza.

Lakini unaujua mshahara wake. Haukufika hata katikati ya mwezi. Tuliishi kwa matabishi. Mteja akishiba anaacha kitu kidogo chini ya sahani, au anakutia mkononi na kukuuliza habari za watoto. Sabuni, daftari, vidonge vya Mwila, vyote vilitoka hapo. Papa Nday alijua, na ndiyo sababu hakuona haja ya kutuongezea.

Tangu mwaka jana mambo yamekuwa magumu kwa kila mtu. Treni zinapita kwa nadra, unga umepanda, mafuta yamepanda, makaa pia. Papa Nday aliongeza bei ya chakula, wateja wakapungua. Hapo sikumlaumu, maana sokoni ninakwenda mimi mwenyewe na ninaona.

Kisha mwezi wa tano akamwita mchoraji, akaandika chini kabisa ya ubao wa bei: SERVICE 10%. Yaani ukila chakula cha elfu kumi, unalipa elfu moja zaidi. Wateja walipouliza, alijibu kwa sauti ambayo hata jikoni tuliisikia: “Njo ya bamama benye kubaletea chakula.”

Wateja wakalipa. Wengine walilipa kwa moyo, wakiamini ni yetu, wakitutazama na kutabasamu. Na matabishi yakakoma siku ile ile, kwa sababu nani atatoa mara mbili katika wakati kama huu?

Mwisho wa mwezi tulisimama mbele yake watatu: mimi, Feza tuliyekuwa tukihudumu pamoja, na Mama Gloire mpishi. Nilimuuliza mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa.

“Papa Nday, ile servisi tutaipata siku gani?”

“Ile servisi njo mafuta ya jenereta,” akasema. “Munataka kutumika mu giza?”

“Lakini bantu banajua ni yetu.”

“Bajue tu.”

Hivyo tu. Akarudi kusikiliza redio yake.

Baadaye, alipoona watu wanaanza kutuuliza wenyewe, alitufundisha maneno ya kusema. Kila ukipeleka fakture, ile karatasi ya hesabu, mezani, useme: “Aksanti sana, servisi njo yetu.” Feza alikuwa akiyasema huku akitazama kitambaa cha meza. Mama yake hawezi kutoka kitandani, na ni yeye peke yake anayemlisha. Mimi sikuyasema hata siku moja. Niliweka fakture, nikaondoka. Nilimpa Papa Nday kazi ya mikono yangu na ya miguu yangu, lakini kumshukuru mtu kwa kitu ambacho sikupata, huku mwenye nacho amekaa nyuma yangu, hapana.

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana ninadhani hukuelezwa yote.

Ilikuwa Alhamisi katikati ya mwezi wa kumi, saa saba mchana. Papa Jean, mwalimu wa zamani wa Hénoch, alikuja na wageni wawili kutoka Bukama. Walikula bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kinkondja. Nilipoleta fakture, mwalimu alivaa miwani yake, akaisoma mstari kwa mstari kama anasahihisha daftari, kisha akaniuliza, bila ubaya wowote:

“Mama Kabedi, hii servisi banakupatiaka yote ao nusu?”

Papa Nday alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kukimbilia jikoni. Lakini huyu ni mtu aliyemfundisha mtoto wangu kusoma, na alikuwa ameuliza swali safi.

“Apana, Mwalimu,” nikasema. “Haitufikiaka. Hata franka moja.”

Wageni wakaacha kutafuna. Papa Nday alikuja akitabasamu, akaniwekea mkono begani.

“Mama Kabedi anapendaka mchezo. Mama, ambia Mwalimu ukweli.”

“Nilishamuambia, Papa.”

“Sema ulidanganya.”

Mjomba, kama angenifukuza tu, huenda ningelia nyumbani wiki moja, kisha ningerudi kumwomba, na leo usingekuwa na haja ya kunipigia simu. Lakini alitaka nijiite mwongo kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mwalimu wa mwanangu, ili fakture yake ionekane safi. Niliwaza ada ya shule. Niliwaza na wewe pia.

“Minyi sikudanganya muntu,” nikamwambia. “Futa ile maneno ku ubao, ao utupatie. Weye njo utachagua.”

“Toka,” akasema.

Nikatoka. Feza alibaki na sahani mikononi, hakunitazama. Sikumlaumu hata dakika moja, na usimlaumu nawe.

Papa Nday alikuambia nimemwibia wateja. Hilo si kweli. Siku tatu nilikaa nyumbani sijui nifanye nini. Siku ya nne niliazima meza na mabenchi mawili, Hénoch akafunga mabati juu ya miti minne ng'ambo ya gare, nikapika bukari, sombe na samaki mkavu. Kwenye kipande cha katoni nikaandika: BEI NI MOJA. HAKUNA SERVISI. Nakiri kwamba niliandika kwa herufi kubwa, na kwamba mtu akisimama mlangoni kwa Papa Nday anaisoma bila miwani. Lakini sikumwita mtu hata mmoja. Walikuja wenyewe, kwanza wafanyakazi wa reli, halafu Papa Jean, halafu watu waliotumwa na Papa Jean.

Wengine huacha matabishi. Ninayapokea, sina kiburi hicho. Tofauti ni kwamba anayeacha ameamua mwenyewe, na mimi ninamwambia asante nikimtazama usoni.

Sitakudanganya kwamba nimetajirika. Wiki ya kwanza mvua ilitufukuza mara mbili, wateja wakakimbia na sahani zangu vichwani. Alikuja mtu wa kodi ya kiwanja, nikalipa, akanipa karatasi. Siku iliyofuata akaja mwingine na kodi ile ile, hana karatasi. Nikamwambia akae, ale, alipe chakula, kisha akatafute karatasi. Alikula na kulipa. Karatasi bado anaitafuta. Kuna siku ninarudi na nusu ya chungu, tunakula sombe asubuhi na jioni hadi Mwila anauliza kama tumekuwa mbuzi. Lakini chungu ni changu, na anayekula hapa anajua anacholipia.

Na kuna jambo moja, Mjomba, ambalo ningependa ulifikirie bila kukasirika. Ni wewe uliyetusimulia jinsi Papa Nday alivyokuwa mhudumu wa behewa la chakula, wakati wewe unaendesha treni. Ulisema akishuka hapa Kamina, sarafu za matabishi zilikuwa zikilia mfukoni, na watoto wake walimsikia kabla ya kumwona. Ulisema mkubwa wake alipotaka kumnyang'anya zile sarafu, Papa Nday aliweka sinia chini, akakataa kuhudumu hadi treni ilipofika Kabongo, nawe ukasimama upande wake mbele ya wakubwa ingawa ulikuwa na kazi nzuri ya kupoteza. Ulikuwa ukisimulia hivyo kwa fahari, na sisi watoto tulikuwa tukikuomba urudie. Basi niambie, nilichofanya mimi kina kosa gani ambalo la kwake halikuwa nalo? Je, ni kwamba sasa yeye ndiye mkubwa?

Wiki mbili baada ya kunifukuza alimtuma Mama Gloire. Nirudi, niombe msamaha mbele ya wote, ataniongezea kidogo. Nilimjibu kwa adabu kwamba nitarudi hata bila nyongeza, siku atakayotupa ile servisi, au siku atakayoifuta na kuandika pale ubaoni kwamba ni pesa ya mafuta ya jenereta, watu walipe wakijua. Sioni kama nimeomba makubwa. Hakunijibu mimi. Alikupigia wewe simu, kwa sababu anajua ni nani ninayemwogopa.

Ni kweli ninakuogopa, Mjomba. Kwa hiyo kama utakasirika, panda treni uje ukasirikie hapa. Nitakuandalia samaki kwanza, kisha nitakusikiliza hadi umalize. Ila jibu langu litakuwa hili hili.

Jumatatu

Jana niliishia hapo, nikidhani nimemaliza. Leo asubuhi nilikuwa ninawasha makaa nikamwona Feza anavuka reli. Hakuwahi kuja kwangu tangu siku ile, alikuwa akipita upande wa pili wa barabara.

Akanieleza akiwa amesimama. Jumamosi, dereva mmoja wa lori, anayejua habari za mama yake, alikataa kabisa kuamini ile servisi. Alilipa, kisha akamtia Feza elfu mbili mkononi, akamwambia, “Hii ni ya mama yako.” Papa Nday alikuja pale pale, mbele ya yule dereva, akanyoosha kiganja. Feza akamwekea zile elfu mbili. Akamaliza meza zake zote, akaosha vikombe, akakunja vitambaa, akatoka bila kuaga.

“Yaya, kwako iko nafasi?” akaniuliza, kama mtu anavyomwuliza dada yake mkubwa.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia siku nzuri ninapata makuta kiasi gani, na siku za mvua sipati kitu. Nikamwambia huenda mwezi wa kwanza tutagawana masufuria machafu tu.

“Minyi sikuuliza ya makuta,” akasema. “Niliuliza nafasi.”

Nikamsogezea benchi. Akachukua kisu, akaanza kukata vitunguu, na hakulia hata kidogo, wakati mimi machozi yalikuwa yakinitoka na sikushika kitunguu hata kimoja. Saa sita watu walijaa hadi wengine wakala wamesimama.

Kwa hiyo, Mjomba, Papa Nday akikupigia tena, mwambie umepata jibu langu. Sirudi, siombi msamaha, na sasa tuko wawili.

Msalimie sana Mama Noémie, mwambie ninamwekea mahindi ya kwanza yatakayokomaa nyuma ya nyumba. Wasalimie binamu zangu wote na wake zao. Hénoch anakuomba umwandikie namna ulivyopata kazi ya kuendesha treni, na Mwila anasema tu uje.

Mungu aulinde mguu wako, aipe nyumba yako usingizi mzuri, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata ninapokukatalia,

Kabedi