Balozi, Paka Ulimkumbuka

Mpendwa Balozi,

Sasa hivi Neema amepanga slipa zangu sakafuni zikitazamana, akaziwekea vikombe vya plastiki kwa pamoja, mkono huku na mkono huku. Akaniambia, "Mama, nyamaza. Wanaongea." Nimecheka, halafu nikakaa kukuandikia.

Hiyo ameitoa kwako. Wale wageni wako wasiosalimiana walipokuja hapa Muaither, huku Uarabuni, ulinifundisha kuweka kahawa kwa mikono miwili, vikombe viguse meza pamoja, pasiwe na wa kwanza wala wa pili. Neema alikuwa mgongoni. Siku moja akapiga chafya, yule mzee mkali akamwombea heri kwa Kiarabu, wote wakacheka. Baadaye ukanifuata jikoni na Kiswahili chako cha Nairobi: "Mama Neema, leo huyu amenifanyia kazi yangu."

Nikaamini. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini niliwasikia wanafunzi wako wa chuo wakikuuliza habari za balozi za Marekani ulizotumikia, vitabu ulivyoandika, vita ulivyosaidia kuvizima. Uliwajibu, "Kabla ya kuweka sahihi, uliza nani hayuko mezani." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia.

Ulipostaafu nilikuomba jambo moja: uwaambie wanaochukua nyumba kwamba naishi na mtoto chumba cha nyuma. "Usijali, nitaongea nao." Ukaenda. Madamu mpya alifika akijua paka anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Habari za Neema hakuwa nazo; alimkuta tu.

"Na huyu ni wa nani? Mbona sikuambiwa kuna mtoto?"

Madamu amesema mtoto aondoke; mwezi ukiisha, Neema anapelekwa Kakamega kwa mamangu. Babake ni mlinzi, analala kambi ya kampuni, hawezi kumchukua. Watu waliokuwa wakiuana uliwapatia maneno, Balozi. Mtoto uliyembeba ukamnyima sentensi moja. Sijui ulisahau ama uliona aibu kunitaja. Kama ulisahau, hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Lakini Madamu si mtu mbaya. Jana alimmenyea Neema ndizi. Na wewe anakutaja kwa heshima bado. Mpigie simu, atakusikiza. Mwambie mtoto hasumbui, anakula chochote, wageni wakija ananyamaza mwenyewe, na usiku akishalala hata

Naitwa, Balozi. Nitarudi kumalizia. Ni paka, Madamu anasema hajapewa chakula