Waliobisha Kabla ya Toribio

Meche, uko macho?

Leo ni usiku wa posada, lile igizo la Krismasi, nyumba nyingi mtaani zinacheza. Sisi tuko ndani, tunasubiri Toribio na majirani waje kama Yosefu na Maria, waombe hifadhi, tuwakatae kwa wimbo, mwisho tufungue.

Mlango ukagongwa. "Mama, tupe pa kulala. Mke wangu ana mimba, anatokwa na damu."

Mama akaangua kicheko! Mtu anasema DAMU, Meche, mama anacheka! "Toribio mwaka huu katia chumvi!" Tukaimba: hakuna nafasi, nendeni zenu.

Akagonga tena. "Mama, nakuomba kwa jina la Mungu."

Tukaongeza sauti. Gitaa nilikuwa nalo mimi.

Mara ya tatu hakugonga.

Baadaye kidogo Toribio akafika na watu wake. Tukamwambia, si ulishabisha wewe?

"Mimi? Ndio kwanza nafika. Na hii damu hapa kizingitini ya nani?"

Tumetoka wote kuwatafuta. Tunabisha nyumba hadi nyumba, mama analia, "Fungueni jamani, tunamtafuta mgonjwa!"

Huko ndani wanacheka, Meche. Wanatuimbia: hakuna nafasi, nendeni zenu.