Chotara wa Masalu

Jumanne, 3 Februari
Sketi sita za shule. Bado pindo. Umeme umekatika mara mbili, nimemalizia kwa cherehani ya mguu. Mgongo unauma.

Masalu karudi kutoka duka la pembejeo saa kumi. Hata kunawa hajanawa, kaenda kuongea na simu nyuma ya choo. Choo! Mtu anayejificha nyuma ya choo na simu ana la heri gani? Nimemsikia: "Mahali nilishapata." Sasa, mume wangu ni Msukuma halisi. R haijawahi kukaa mdomoni mwake, habari kwake ni habali. Kwa hiyo ni mahari. Kashapata mahari.

Ya nani?

Alhamisi, 5 Februari
Simu tena. Safari hii nilikuwa bombani, ndoo imejaa na mimi nimesimama tu. "Chotala. Mlefu, mwembamba, mzuli kweli." Halafu: "Wa kike tu, wa kiume wa nini?"

Mimi ni mfupi. Nimejaa. Chotara nitamwezea wapi? Na nimemzalia wa kiume wawili, kumbe roho yake iko kwa wa kike. Wasukuma na ng'ombe wa mahari ya binti!

Nimechoma ugali. Kaula wote. Mwenye hatia hula chochote.

Jumapili, 8 Februari
Futi yangu ilipotea Ijumaa. Leo nimeikuta mfukoni mwa suruali yake. Inanata. Inanuka limau na kitu kingine kikali, sijui manukato gani hayo. Nimeishi kwa futi hii. Nimepima nayo maharusi wa Mkuyuni nzima. Yeye kaichukua akampimie huyo.

Nimeingia kanisani nikatoka, sikumbuki hata somo.

Jumatatu, 9 Februari
Nimeamua. Akioa, siombi wala sigombani. Nachukua watoto na cherehani, navuka kwenda Busisi, kwenye shamba la marehemu mama. Hati ina jina langu. Mama alisema mwanamke asiye na pake hugombana kwa kunong'ona. Mimi ninapo pangu. Hilo tu ndilo limenituliza leo.

Jumatano, 11 Februari
Nimempigia mama mdogo, ndiye anayekaa shambani. Shikamoo, marahaba, za huko, nzuri. Halafu akasema, kama utani, mbona mumeo anakuja kila Jumamosi na wewe humsindikizi?

Kila Jumamosi! Mimi huambiwa anapeleka mbolea kwa wateja. Kumbe anampeleka kwa mama yangu. Kwenye kitanda cha mama yangu!

Nimeshona mfuko wa shati upande wa nyuma. Mteja kacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 13 Februari
Nimevuka daraja asubuhi. Nimetembea kutoka barabarani huku nikipanga matusi.

Hakuna mwanamke. Nimekagua nyumba, jiko, mpaka banda la kuku. Mama mdogo kaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikamuuliza Masalu huwa anafanya nini huku. Anahudumia muhogo wake, kasema. Muhogo chotara. Akaongeza kwa kulalamika: una miezi mitatu, umempita kichwa, na chini hauna hata dalili ya kiazi. Wiki iliyopita alitaka kuuchuma apike kisamvu, Masalu akamkemea.

Nimekwenda nyuma ya mahindi.

Ni mirefu kweli. Ni miembamba kweli. Majani kama vidole vya mtu mgonjwa. Nimeshika jani moja, vidole vikanata. Limau. Nimekaa chini palepale.

Bangi. Mume wangu kapanda bangi kwenye shamba la mama yangu.

Mahali. Alisema mahali. Siku moja tu katika maisha yake kataja neno sawasawa, nami nikamsahihisha!

Nimecheka mpaka mama mdogo akatoka nje. Kisha nimelia.

Jumamosi, 14 Februari
Nimelala huku shambani. Kafika saa nne. Kaniona nimekaa kwenye tuta, akajua.

Kaeleza kama anasifia mtoto. Wazazi wawili, mbegu ya kigeni, huu umemfuata mzazi yule mrefu. Unachelewa kutoa maua lakini ukitoa umetoa. Haulazi mtu, unamchangamsha, mtu anaongea na kufanya kazi. Ya kiume ameing'oa isiharibu ya kike. Mnunuzi yuko Igogo. Yote hayo kwa sauti ya dukani, kama mimi ni mteja wa mahindi. Nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Nikamuuliza hati ina jina la nani. Akavua kofia.

Polisi wakija, watanichukua mimi. Si yeye. Na mama mdogo, mzee wa watu, anayedhani ni kisamvu. Aliyajua hayo yote. Hilo ndilo lililonichoma. Nimemwambia afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningemwachia nyumba ya Mkuyuni nikaja huku. Sasa hata nilikokuwa nakimbilia kakuwahi yeye.

Nimeanza kung'oa. Kasimama. Kasema "Mama Shija, miezi mitatu yangu." Nimeendelea. Mama mdogo kaja kusaidia bila kuuliza kitu. Yote tumeitupa kwenye shimo la choo cha zamani, tukafukia. Mikono inanuka bado, nimesugua na majivu mara tatu.

Kaondoka peke yake. Nimempa maagizo: alete watoto na cherehani.

Jumatano, 18 Februari
Watoto wamefika. Cherehani imefika. Yeye kashusha mizigo barabarani, akageuza.

Namchukia. Halafu nakumbuka anavyosema "pole sana" nikichomwa na sindano, namchukia kidogo.

Jumapili, 1 Machi
Mvua ndogo alfajiri, udongo umelainika. Napanda viazi vitamu pale nyuma ya mahindi. Mama mdogo kakata marando, watoto wanayabeba.

Saa tano kaja. Hakuingia. Kasimama mpakani, penye mkonge, kofia mkononi, akapiga hodi. Shambani! Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kupiga hodi mahali nilipo.

Nimemaliza tuta nililokuwa nalo. Nikanyoosha mgongo. Ndipo nikasema karibu.