Mizani ya Mwoka Mikate

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila sauti imenikauka kwa kufundisha kwaya. Simu niliyokununulia najua bado imelala kwenye droo pamoja na koleo, kwa hiyo naandika.

Juzi kuna jambo limenitokea darasani. Tulikuwa tunajifunza wimbo wa taratibu, wa sauti tatu. Tulipofika pale sauti zote zinapokutana, msichana mmoja wa safu ya mbele akaanza kulia. Hakuna aliyemchokoza. Akaniuliza kwa nini analia na hana huzuni yoyote. Nikamwambia ni roho imeguswa. Mwenzake mmoja akasimama kule nyuma, akasema roho haijawahi kuonekana na mtu, kwa hiyo haipo. Darasa zima likanigeukia. Nilikuona wewe, Baba, umevaa kaptula ya shule.

Sasa wewe fundi mizani, uliyenilea kwa kuniambia kisichopimika hakipo, niambie niwajibu nini. Tafadhali usinijibu kwa gramu. Na ukimaliza, nijibu na hili ambalo sijawahi kukuuliza: Mama naye ulimpenda kwa kilo ngapi?

Mwanao,
Kinanda

12 Februari

Mwanangu Kinanda,

Marahaba. Mgongo hajambo, ananisalimia kila nikiinama. Barua yako nimeipima kabla ya kuifungua, kama kawaida. Imepungua kuliko ile ya mwezi uliopita. Unakula vizuri huko?

Huyo mtoto wa nyuma mpe maksi zote. Sauti ni hewa iliyosukumwa. Inagonga ngozi ya sikio, ngozi inagonga vifupa, habari inafika kwenye ubongo, ubongo unafungua bomba. Machozi ni maji na chumvi. Uzuri wa wimbo ni hesabu iliyokaa sawa, na mapenzi ni damu iliyochemka. Kama si hivyo, waambie waliimbie dawati wimbo huo huo, tuone kama litalia. Hilo la mama yako si swali, ni utundu.

Kazi ipo. Mtaa wa nyuma amehamia mwoka mikate, mjane, na mizani yake inanitoa jasho. Ile sukurubu inayorudisha mshale kwenye sifuri inalegea. Nikiikaza, haipiti wiki anairudisha imelegea tena. Nimeipaka rangi ili ishike, rangi ikabanduka. Mimi nashuku mtikisiko wa ile mashine ya kukandia unga. Jana nilikwenda kwake na kipimo cha usawa, nikalala kifudifudi sakafuni kukagua miguu ya meza. Meza imenyooka kabisa. Yeye alikuwa anacheka muda wote, sijui nini kilichomchekesha. Akanipa mkate, nikaumaliza bila siagi wala chai.

Ni mwanamke mwenye maneno. Anasema karakana yangu inanuka sarafu. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha mama yako, maana kigoda kilikuwa kimebeba mizani ya bucha, na tangu hapo akija hukaa hapo hapo.

Waambie watoto wako wasiogope ukweli.

Baba yako

5 Machi

Mwanangu Kinanda,

Hujambo? Uzima upo? Nimekwenda posta mara nyingi mpaka yule karani wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa. Kama unaumwa, niambie. Kama una kazi nyingi, niambie pia, hata kwa mstari mmoja.

Mimi ndiye sina hakika kama ni mzima. Chakula hakipiti. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio halafu yanatulia. Nimejipima kwenye mizani kubwa ya magunia, na kweli nimepungua. Nilidhani ni moshi wa madini ya risasi ninayoyeyusha kutengenezea mawe ya mizani, nikafungua madirisha yote na kununua feni. Haikusaidia. Nikaenda kwa daktari. Amesema moyo wangu ni wa kijana, akaniuliza kama nina mawazo. Nikamwambia nina mawazo ya sukurubu.

Maana ile sukurubu, mwanangu, imenishinda. Safari hii niliikaza kwa koleo kubwa, nikatia na gundi. Ikarudi imelegea, gundi imechokonolewa kama kwa ncha ya kitu. Nadhani ni joto la tanuri linaitanua, lakini kwa nini itanuke siku za Jumanne tu?

Na mteja mwenyewe anahama. Dada yake amemwita mji mwingine wafungue tanuri la pamoja, anaondoka mwisho wa mwezi. Alikuja kuniuliza kama naona ni vyema aende. Nilimshauri kitaalamu. Nilimwambia aweke faida upande mmoja na hasara upande wa pili, aangalie sahani ipi inashuka. Aliniangalia sana, akaiacha mizani yake mezani akaondoka bila kuaga. Nadhani nilimsaidia kufikiri.

Andika, tafadhali.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Siumwi, wala kazi si nyingi. Nilikasirika, na nimeona afadhali niseme kuliko kukununia.

Uliandika habari ya kile kiti kama mtu anayesimulia mvua ilivyonyesha. Kiti cha Mama! Tangu azikwe, hakuna aliyekikalia. Mjomba alikikalia siku ya pili ya msiba, ukamwinua mbele za watu. Mimi, mtoto aliyemzaa, nikija likizo unanivutia kigoda. Nikikuuliza sababu unasema ni mbao tu, hakuna sababu. Nami nikakaa kwenye kigoda chako miaka yote hiyo nikijua unavyomlilia Mama bila kutoa chozi, nikakustahi. Sasa mtu ametoka huko na unga wake kwenye aproni, ameketi, na wewe hukufungua mdomo. Kwa hiyo Mama ameondoka mara ya pili, na safari hii sikuitwa hata kumzika.

Hebu basi tufuate njia yako. Vile viti ni viwili, seremala mmoja, mti mmoja, kimoja chako kimoja chake. Vipime. Kama vinalingana, ni mbao tu, wala sina haki ya kukasirika, na aje akae mtaa mzima. Lakini nataka uniambie kwa nini tulikatazwa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa nyepesi mkononi, lakini ilinikalisha chini.

Nimevipima. Nilivifuta vumbi kwanza, nikakaza misumari, nikavipandisha kimoja kimoja kwenye mizani ya magunia, halafu nikarudia, maana sikuamini. Cha mama yako ni chepesi kuliko changu. Nikavigeuza juu chini nikitafuta wadudu wa mbao. Hakuna hata tundu.

Ndipo nikaona. Changu kiko kama kilivyotoka kwa seremala, kwa sababu kazi yangu ni ya kusimama. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa pale kila mchana akishona vifungo vya watu, mimi nikimpigia porojo za mizani. Unamkumbuka alivyokuwa akisikiliza? Alikuwa anasugua kidole gumba kwenye mkono wa kiti, taratibu, huku ananitazama. Kuna kishimo pale, Kinanda. Kishimo laini, saizi ya kidole chake. Alinisikiliza mpaka mbao ikaisha. Nilitia kidole changu mle ndani nikalia, na wala sikuona haja ya kujieleza kwamba ni maji na chumvi.

Umeniuliza kilo ngapi. Upungufu ule wa kiti naujua, nimeuandika kwenye ukuta wa karakana kwa chaki. Ni mapenzi yake kwangu, sehemu tu, ile iliyoingia kwenye mbao. Mengine yako kwenye mashati yangu na ndani yako. Ya kwangu kwake sikuwahi kuyaweka mahali pa kupimika, na hilo linaniuma.

Nilikuwa nakataza watu wasikikalie kwa sababu niliogopa wangekimaliza. Hilo ndilo jibu lako, nami nimelijua wiki hii.

Huyu mwenye mikate, sijui nikwambie nini. Alipokaa pale siku ile nilifungua mdomo nimwambie ainuke, na maneno hayakutoka. Asipokuja, karakana inakuwa kubwa mno. Lakini anaondoka mwisho wa mwezi huu, nami nitamkabidhi mizani yake, basi, yaishe. Kama hutaki akanyage hapa tena, sema. Wewe ndiye niliyebaki naye, sitakupoteza kwa ajili ya mikate.

Baba yako

24 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayesafiri kesho asubuhi, maana nikiipeleka posta itakukuta umeshaharibu mambo.

Yako niliisoma nimesimama getini, watoto wakinipita huku na huku. Yule wa safu ya mbele akaniuliza kama na mimi nimesikia wimbo. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nisikilize wewe fundi wa mji mzima. Sukurubu iliyopakwa rangi na kutiwa gundi hailegei yenyewe. Mashine ya kukandia unga umeibebesha kesi isiyo yake. Si wewe uliyenifundisha kwamba hakuna kinachotokea bila sababu ya kushikika? Basi sababu ya sukurubu hiyo ina mikono miwili na aproni, na huja Jumanne. Na ugonjwa wako ni huo huo. Feni irudishe dukani.

Alipokuuliza kama aende, Baba, hakuwa anatafuta ushauri wa sahani mbili. Alikuwa anakuomba umwambie asiende. Nimecheka mpaka nikaona haya kwa niaba yako.

Usinipe mimi funguo za jambo hili. Imenichoma, sitakuficha, na huenda nikija nitakuwa na uso wa kununa siku moja mbili. Lakini nilidhani unampa mtu nafasi ya Mama kwa sababu umemsahau, kumbe hukuwa umesahau hata kidole. Mwambie kiti kile ni cha nani. Akishajua, akitaka kukaa, akae. Mimi nimekubali.

Tena sikia hili, ni la njia yako kabisa. Kama mapenzi ni kitu, basi hayawezi kumfikia kwa wewe kuwaza tu ukiwa umesimama karakanani. Lazima kitu kitoke kwako kiende kwake. Una miguu. Nenda.

Mwanao akupendaye

2 Aprili

Mwanangu Kinanda,

Hujambo, hujambo, hujambo? Sisi huku ni wazima, na umesoma vizuri, nimesema sisi.

Mwalimu mwenzako alinikuta nafungasha mizani ya mwenye mikate. Nilisoma barua yako pale pale mlangoni, nikamwacha mgeni wa watu amesimama bila hata maji, uniombee radhi. Nikabeba ile mizani kifuani nikaenda. Njiani nilitunga hotuba nzuri sana, yenye sehemu tatu. Nilipomkuta anafunga masanduku yake kwa kamba, hotuba yote ikayeyuka.

Nikamwambia, "Mizani yako haina kosa."

"Najua," akasema. "Kosa natia mimi, kwa kisu cha siagi. Ile gundi yako ilinivunjia visu viwili."

Nikamuuliza kwa nini hakuja tu, mlango si uko wazi? Akasema mtu haendi kwa fundi mikono mitupu. Halafu akashika tena kamba yake, na mimi likanitoka la kweli. "Nimepungua uzito," nikamwambia, "na sababu ni wewe."

Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Halafu akawa analia, na mimi sikumweleza chochote kuhusu bomba. Tulifungua kamba pamoja. Dada yake ameandikiwa, amejibu kwa matusi ya kirafiki, na anataka kuja kuona huyo mwanamume wa sukurubu anafananaje.

Kesho yake alipokuja karakanani nilimweleza habari ya kiti, nikamwonyesha kishimo na ile chaki ukutani. Akainuka kama amekaa kwenye moto. Akakipangusa unga kwa aproni yake, polepole, mpaka kwenye miguu. Sikumtuma. Jioni akarudi na kigoda chake cha kwenye tanuri, akakiweka upande wa pili wa meza. Nilipomwambia binti yangu amemruhusu kukaa, akanijibu hivi, nami nimeahidi kukuandikia vile vile alivyosema: "Mwambie namshukuru. Mimi nitakimaliza cha kwangu. Kile kinamngoja mwenyewe."

Kwa hiyo kipo, nimekitoa ukutani nimekisogeza dirishani. Sitakuvutia kigoda tena.

Usije ukadhani nimegeuka lakini. Bado nasema ni damu na ubongo, na roho sijaiona popote, nikiiona nitakuandikia siku hiyo hiyo. Ninachokiri ni kwamba nilikuwa navidharau vitu. Nimeshika vitu maisha yangu yote bila kujua vinaweza kufanya haya.

Mwezi ujao tunafunga ndoa, watu wachache. Kwaya ingefaa.

Baba yako

6 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mfikishie aliye upande wa pili wa meza. Mwambie namshukuru kwa aliyoyasema, na visu vya siagi nitamletea vipya.

Niliwaambia watoto hoja zako na habari ya kiti, bila kutaja kiti ni cha nani. Yule wa nyuma alifikiri sana, halafu akasema basi mwalimu na baba yake wote wamepata, kila mmoja maksi nusu. Yule wa mbele akalia tena. Kwaya itakuja, wazazi wameshakubali.

Mimi natangulia, likizo inaanza Ijumaa na basi nimeshalikatia tiketi. Nitafika mchana. Nikifika nataka nikae dirishani, niweke kidole mle kwenye kishimo, na wewe usimame pale unaposimamaga unipigie porojo za mizani mpaka nichoke kusikiliza.

Najua umeipima barua hii kabla ya kuifungua, ukaona ni nyepesi, ukaanza kuhangaika kama ninakula. Ninakula, Baba. Kilichobaki nakileta mwenyewe.

Mwanao,
Kinanda